Toleo la Mwanafunzi na Toleo la Kawaida: Soma Ruhusa Kabla ya Kulipa



Somo letu la leo linahusu ununuzi. Si ununuzi wa mbuzi wala wa jembe. Ni ununuzi wa programu za kompyuta za kufanyia kazi za ofisi.

Huenda ukasema, "Mimi na kompyuta wapi na wapi?" Subiri kidogo. Siku hizi viko vyama vya ushirika, vikundi vya akiba na mikopo, na kamati za shule ambazo zimeanza kuweka hesabu zao kwenye kompyuta. Fedha inayonunua vitu hivyo ni fedha yako. Ni mchango wako, au ni makato ya mazao yako. Siku ya mkutano utaombwa unyoshe mkono, ukubali au ukatae. Je, utanyosha mkono juu ya jambo usilolijua?

Ukimaliza somo hili utaweza:
(a) kueleza tofauti ya toleo la elimu na toleo la kawaida;
(b) kujua lipi linakufaa wewe nyumbani, na lipi linafaa kikundi;
(c) kumwuliza muuzaji maswali yanayofaa kabla ya kutoa fedha.

1. PROGRAMU NI NINI?

Kompyuta peke yake haijui kazi. Ni kama redio iliyowashwa lakini haijakamata stesheni. Inawaka, lakini haina la kukuambia. Programu ndiyo inayoiambia kompyuta ifanye nini.

Programu za ofisi zinazojulikana sana ni zile za kampuni ya Microsoft ya Marekani. Zinaitwa Office. Kampuni hiyo ilianza kuziuza mwaka 1989. Zinauzwa kwa pamoja, kama sanduku la seremala lenye msumeno, randa na nyundo. Ndani ya sanduku hilo mna vifaa kama hivi:

Word: ni ya kuandikia barua na muhtasari wa mkutano.
Excel: ni ya kupangia majedwali na kupigia hesabu.
PowerPoint: ni ya kuonyeshea maneno na picha ukutani wakati wa mafunzo.
Outlook: ni ya barua pepe na kalenda ya kazi.
OneNote: ni daftari la kuandikia mambo ya kukumbuka.

Sasa sikiliza jambo kubwa. Ukinunua jembe, jembe ni lako. Unaweza kulimia, kumwazima jirani, hata kuliuza. Programu si hivyo. Ukinunua programu hununui kitu chenyewe. Unanunua ruhusa ya kukitumia. Ruhusa hiyo inaitwa leseni. Ni kama leseni ya uvuvi. Hukuuziwa ziwa. Umeruhusiwa kuvua, tena kwa masharti.

2. MAZUNGUMZO DUKANI

Tuseme mwekahazina wa kikundi cha akiba ametumwa mjini na wenzake. Ameingia katika duka la kompyuta. Soma mazungumzo haya kwa sauti pamoja na mwenzako.

Kijana: Shikamoo mama.
Mama: Marahaba mwanangu. Nimetumwa na kikundi. Nataka programu ya kuandikia hesabu zetu.
Kijana: Zipo za namna mbili, mama. Hii ya mwanafunzi, bei ndogo. Na hii ya kazi za biashara, bei kubwa.
Mama: Tofauti yake ni nini?
Kijana: Ah, hakuna tofauti mama. Zote zinaandika, zote zinapiga hesabu. Chukua hii ya bei ndogo, fedha inayobaki mnunue karatasi.

Je, kijana amesema kweli? Amesema nusu ya kweli. Ni kweli kwamba vifaa vilivyomo karibu ni vilevile. Excel ya toleo la bei ndogo inajumlisha sawasawa na Excel ya toleo la bei kubwa. Tano na tano ni kumi kwa zote mbili. Lakini kijana hakusema habari za ruhusa. Na ruhusa ndiyo iliyofanya bei ziwe mbili.

3. GARI MOJA, NAULI MBILI

Jambo hili tunalijua tayari, ila hatukulipa jina. Fikiria daladala. Mwanafunzi aliyevaa sare analipa nauli ndogo. Mtu mzima analipa nauli kubwa. Gari ni hilohilo. Barabara ni hiyohiyo. Wote wanafika pamoja. Lakini mtu mzima hawezi kumpa kondakta nauli ya mwanafunzi na kusema, "Mbona gari ni moja?" Kondakta atamwambia, "Baba, nauli yako ni nyingine."

Au fikiria mbolea ya ruzuku. Mfuko ni uleule, na mbolea ni ileile. Lakini bei ya ruzuku ni ya mkulima aliyeandikishwa, kwa ajili ya shamba lake. Mtu hapewi bei hiyo ili akafungue duka.

Programu za ofisi nazo ni hivyohivyo. Toleo la elimu ni nauli ya mwanafunzi. Toleo la kawaida ni nauli ya mtu mzima.

4. TUANGALIE MIFANO YA KWELI

Mfano wa kwanza ni wa mwaka 2007. Mwaka huo Microsoft iliuza, pamoja na mengine, matoleo mawili haya. Bei ni za Marekani.

Home and Student 2007, maana yake Nyumbani na Mwanafunzi. Ndani yake mlikuwa na Word, Excel, PowerPoint na OneNote. Bei yake dola 149. Liliruhusiwa kuwekwa katika kompyuta 3 za nyumba moja.

Standard 2007, maana yake toleo la Kawaida. Ndani yake mlikuwa na Word, Excel, PowerPoint na Outlook. Bei yake dola 399.

Umeona? Vifaa vitatu ni vilevile. Kimetofautiana kimoja tu. Huku daftari, kule barua pepe. Lakini bei zinapishana kwa dola 250! Je, barua pepe peke yake ina thamani ya dola 250? Hapana. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ni ya ruhusa.

Leseni ya Home and Student 2007 ilisema wazi kwamba programu hiyo hairuhusiwi katika biashara, wala katika shughuli za mashirika yasiyotafuta faida, wala katika kazi za kuingiza mapato. Tena ulipoifungua, juu kabisa ya ukurasa, baada ya jina la programu, palionekana maneno madogo ya Kiingereza yenye maana ya "si kwa matumizi ya biashara." Maneno hayo yalikuwepo kila siku. Aliyejua kusoma aliyaona.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2010. Liliuzwa toleo liitwalo Professional 2010 kwa dola 499.99. Likauzwa na jingine liitwalo Professional Academic 2010 kwa dola 99. Safari hii vifaa vyote vilikuwa sawa, hakikupungua hata kimoja. Ila hili la dola 99 lilikuwa la wanafunzi, walimu na wafanyakazi wa shule na vyuo. Bei ilikuwa karibu moja ya tano ya ile ya kawaida.

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi. Mwaka 2024 lilitoka toleo liitwalo Home 2024. Lilianza kuuzwa Marekani kwa dola 149.99. Jina la "Mwanafunzi" limeondolewa, limebaki "Nyumbani" tu. Pamoja nalo likatoka Home and Business 2024, yaani Nyumbani na Biashara, kwa dola 249.99. Hili la pili lina Outlook zaidi, na linakupa ruhusa ya kufanyia kazi za biashara.

Angalia jambo moja hapa. Majina yanabadilika. Mwaka 2003 toleo hilo liliitwa la Mwanafunzi na Mwalimu. Mwaka 2007 likawa la Nyumbani na Mwanafunzi. Mwaka 2024 likawa la Nyumbani. Na masharti pia yanabadilika: ruhusa ya kompyuta 3 ya mwaka 2007 ilikuwa imeshuka hadi kompyuta 1 katika toleo la mwaka 2013. Kwa hiyo usinunue kwa jina. Nunua kwa masharti.

Matoleo ya 2007 na 2010 tumeyatumia kujifunzia tu. Kampuni iliacha kuyatunza, lile la kwanza mwaka 2017 na lile la pili mwaka 2020. Mtu akikuletea leo kwa bei ya kutupa, ujue kwamba hayapati tena marekebisho ya usalama.

5. MASHARTI NI YA NAMNA MBILI

Wengi hukosea hapa, kwa hiyo twende polepole.

Sharti la kwanza linauliza: WEWE NI NANI? Toleo la mwaka 2010 la dola 99 lilikuwa hivyo. Ilikubidi uwe mtu wa shule au wa chuo. Hata leo, Microsoft ina mpango uitwao A1, ambao shule zinazokubaliwa hupata bure. Mwanafunzi na mwalimu hutumia Word na Excel kwa njia ya intaneti. Lakini lazima shule yenyewe iandikishwe kwanza, na kila mmoja apewe barua pepe ya shule. Na mahali pasipo na mtandao mzuri, kazi ni ngumu.

Sharti la pili linauliza: UNAFANYA KAZI GANI? Toleo la Nyumbani na Mwanafunzi la 2007 lilikuwa hivyo. Ingawa jina lake lilitaja mwanafunzi, mtu yeyote wa nyumbani aliweza kulitumia. Mkulima aliweza kumwandikia mwanawe barua. Mama aliweza kupanga matumizi ya nyumba yake. Kilichokatazwa kilikuwa namna ya kazi.

Basi wewe mhitimu wa kisomo, ambaye hukai darasani tena, usidhani kwamba toleo la nyumbani si lako. Kwa kazi za nyumbani kwako, linakufaa. Lakini daftari la hesabu za kikundi si kazi ya nyumbani, hata kama mwekahazina analiandikia mezani kwake usiku. Kikundi kinakopesha, kinatoza riba, kinagawana faida. Hiyo ni shughuli ya mapato.

Na kamati ya kanisa au ya msikiti je? Haitafuti faida. Hata hivyo, leseni ya 2007 iliikataza, kwa sababu ilitaja pia mashirika yasiyotafuta faida. Neno moja kama hilo, ukiliruka wakati wa kusoma, unabadili maana yote.

6. KWA NINI KAMPUNI INAUZA KWA BEI MBILI?

Je, ni huruma tu? Tufikiri pamoja.

Fundi wa kusuka vikapu akisuka kikapu cha pili, anatumia ukindu mwingine na siku nyingine. Programu si hivyo. Kazi kubwa ni kuitunga mara ya kwanza. Ikishatungwa, kutoa nakala nyingine hakugharimu karibu chochote. Kwa hiyo kampuni inaweza kumpunguzia mwanafunzi sana na bado isipate hasara. Mwanafunzi hana dola 499. Akitakiwa kulipa hizo, hatanunua kabisa.

Sababu ya pili ni mazoea. Kijana aliyejifunza kwa Excel, akiajiriwa atataka Excel. Mwajiri wake atalipa bei kubwa. Ni kama kulea mche. Unaumwagilia leo, unavuna kesho.

Lakini mpango huu una sharti. Wenye biashara wakinunua kwa bei ya mwanafunzi, mpango unaharibika. Ndiyo maana leseni inaandikwa kwa uangalifu namna ile.

7. HASARA YA KUTUMIA TOLEO LISILO LAKO

Tuseme ukweli. Ukitumia toleo la nyumbani kwa kazi ya kikundi, kompyuta haitapiga kelele. Itafanya kazi tu. Basi hasara iko wapi?

Kwanza, ni kuvunja mapatano. Na sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Kikundi kinachodai wanachama wake waaminike hakiwezi kuanza daftari lake kwa udanganyifu.

Pili, na hili ndilo linaloumiza zaidi, kumbukumbu za kikundi zinaweza kufungiwa nje. Tuseme mwekahazina anatumia akaunti ya shule ya mwanawe, kwa sababu ni ya bure. Madeni ya wanachama yameandikwa humo. Michango ya mwaka mzima imo humo. Kijana anamaliza masomo. Shule inaifunga akaunti yake, kwa kuwa si mwanafunzi tena. Daftari la kikundi nalo linafungwa. Nani sasa atajua nani anadaiwa? Mkutano utageuka ugomvi, na wanaosema kweli hawatakuwa na ushahidi.

Tatu, liko jambo la kulipia kila mwezi au kila mwaka. Programu za Microsoft za namna hiyo, usipolipa, zinakuacha usome na kuchapisha yaliyokwisha kuandikwa, lakini huwezi kuongeza wala kurekebisha. Kikundi kijue hilo mapema na kitenge fedha.

Usikimbilie pia programu iliyovunjwa kufuli, ile anayokuwekea fundi kutoka kwenye flashi bila leseni yoyote. Hiyo si toleo la elimu wala la kawaida. Ni ya wizi. Na mara nyingi huja na virusi vinavyoharibu au kuiba kumbukumbu.

8. NJIA NYINGINE

Je, kikundi maskini kifanye nini? Ziko njia tatu za halali.

Njia ya kwanza: nunueni toleo linaloruhusu biashara, kama uwezo upo.

Njia ya pili: tumieni programu huria. Inayojulikana sana ni LibreOffice. Ilianza mwaka 2010, ikitokana na nyingine iliyoitwa OpenOffice.org. Ni bure. Haina toleo la mwanafunzi na la mtu mzima. Shule, duka, kikundi, ofisi, wote wanaruhusiwa. Ukishaiweka haihitaji intaneti. Ina kifaa cha kuandikia kiitwacho Writer na cha hesabu kiitwacho Calc. Inafungua kazi zilizoandikwa kwa Word na Excel, ingawa mara nyingine mistari na picha husogea kidogo.

Tena sisi Watanzania tuna historia nayo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiana na wenzao wa Sweden, walitafsiri OpenOffice.org kwa Kiswahili. Waliiita Jambo OpenOffice.

Njia ya tatu: endeleeni na daftari la karatasi. Daftari lililoandikwa vizuri na kukaguliwa kila mwezi ni bora kuliko kompyuta isiyoeleweka. Na hata mkiwa na kompyuta, chapisheni hesabu kila mwezi, mzisome mkutanoni, mzihifadhi.

9. MASWALI SITA YA KUMWULIZA MUUZAJI

Yakate maswali haya uyabandike ukutani.

1. Toleo hili linaitwaje, na ni la mwaka gani?
2. Nani anaruhusiwa kulitumia?
3. Linaruhusiwa kwa kazi za kikundi na za biashara, au za nyumbani tu?
4. Ni kwa kompyuta ngapi?
5. Nalipa mara moja, au kila mwaka?
6. Nitapewa risiti na namba ya leseni kwa jina la nani?

Jibu la swali la sita liwe jina la kikundi. Lisiwe jina la mwekahazina, wala la mwanawe. Viongozi hubadilika, lakini kikundi kinabaki. Muuzaji akisema, "Usijali, zote ni sawa," mwambie kwa upole akuonyeshe maandishi. Kama maandishi ni ya Kiingereza, mwombe mwalimu wa shule akusomee sehemu ya masharti kabla hujalipa.

MANENO MAPYA

Toleo: namna moja ya kitu kilichotolewa, wingi ni matoleo.
Leseni: ruhusa yenye masharti.
Programu huria: programu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kuirekebisha.
Akaunti: mahali pako ndani ya mtandao, panapofunguliwa kwa jina lako na neno lako la siri.
Virusi: programu mbaya inayoingia kwa siri na kuharibu.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kijana wa dukani alisema nusu ya kweli. Nusu nyingine ni ipi?
2. Mwalimu anatumia akaunti ya bure ya shule kuandika hesabu za duka lake. Je, ni sawa? Toeni sababu.
3. Kikundi chenu kikipata kompyuta leo, mtachagua njia ipi kati ya zile tatu? Kwa nini?

HESABU

1. Toleo la Kawaida la 2007 lilikuwa dola 399. La Nyumbani na Mwanafunzi lilikuwa dola 149. Kikundi kina wanachama 25. Kila mmoja angeongeza dola ngapi ili kikundi kinunue toleo la Kawaida badala ya la bei ndogo? (Jibu: 399 kutoa 149 ni 250. 250 kugawa kwa 25 ni dola 10.)
2. Toleo la nyumbani la dola 149 liliruhusiwa katika kompyuta 3. Kila kompyuta iligharimu karibu dola ngapi? (Jibu: karibu dola 50.)

KAZI YA KUFANYA

Tafuta kitu kimoja nyumbani kwako kilichokuja na masharti ya maandishi: mfuko wa mbegu, chupa ya dawa ya mifugo, au karatasi ya mkopo. Soma masharti yote mpaka mwisho. Andika sharti moja ambalo hukulijua, ulilete kikundini wiki ijayo.